Dada, Kaa Chini

Kila mtu katika Bunge lile aliulizwa atapiga kura gani, isipokuwa mimi. Waliulizwa wenye msimamo na wasiokuwa nao. Waliulizwa wagonjwa waliokuwa wamelazwa. Aliulizwa hata yule mbunge mzee anayesinzia tangu sala ya kufungua kikao mpaka tunapoinuka kwenda kula. Mimi nikipita koridoni watu wananyamaza, wananiamkia kwa adabu zote, nikishawapa mgongo wanaendelea kunong'ona. Kisa nini? Waziri Mkuu ni mdogo wangu, tumbo moja. Basi kura yangu ilikuwa imeshahesabiwa kabla sijatia mguu sakafuni asubuhi.

Nataka niyasimulie mwenyewe, maana yamesemwa mengi tangu siku ile. Wanasema nilinunuliwa. Thubutu! Ninunuliwe na nani, na mimi hata bei sikuulizwa?

Nyumbani mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yetu. Baba alipofariki, Kitinda alikuwa hajajua kufunga vifungo vya shati, na mimi ndiyo kwanza nimemaliza shule. Baba alikuwa ameacha tanuri la mikate na deni la unga, nikavirithi vyote viwili. Nikaoka. Nimeoka mpaka jina langu likapotea, watu wakabaki na Mama Mikate, na ndilo nililogombea nalo ubunge. Kitinda alifanyia hesabu za shule juu ya gunia la unga, akawa anakwenda darasani suruali imekuwa nyeupe nyuma, wenzake wanamcheka, anarudi analia, namfuta machozi kwa aproni, anakuwa mweupe na uso. Nilimpenda mtoto yule. Nampenda mpaka leo, na anayedhani nilifanya nililolifanya kwa sababu simpendi, huyo hajui kupenda ni nini.

Tena alipochaguliwa alianza vizuri. Mwaka wa kwanza alifanya kazi mpaka akakonda. Mwaka wa pili kichwa kikaanza kuvimba. Akawa hasikii, anasubiri tu umalize aseme yeye. Mwaka wa tatu akaleta muswada kwamba uchaguzi wa mwakani uahirishwe, eti ili nchi itulie. Nchi ilikuwa imetulia vizuri tu! Yeye ndiye aliyekuwa hatulii.

Hapo wenzetu ndani ya chama wakaja juu. Wakasema kama ni hivyo basi atoke sasa hivi, Bunge lichague mwingine amalizie kipindi. Kitinda akasimama akajibu kwa ile sauti yake nzuri: Waziri Mkuu hatolewi katikati ya safari, asiyemtaka asubiri uchaguzi. Ala! Uchaguzi upi? Si ule ule aliokuwa anataka kuuzika?

Kwa hiyo mambo yakapangwa hivi. Jumatano tungepiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Alhamisi ungepigiwa kura muswada wake. Hoja ya Jumatano ikianguka, Alhamisi muswada unapita, na baada ya hapo hakuna wa kumuuliza kitu. Aliyeongoza hoja alikuwa Waziri wa Fedha, bwana mmoja tuliyekuwa tunamwita Mpole kwa sababu anatabasamu hata akiwa anakukata mshahara. Alikuwa anakitaka kiti yeye mwenyewe, na kila mtu alilijua hilo. Hata yeye hakuniuliza.

Sasa chama chetu kina tabia moja. Kukiwa na kura ngumu, wabunge wenye mashaka wanatiwa kambini, kama timu ya mpira. Wanapelekwa hotelini, wananyang'anywa simu, wanalishwa vizuri, na hawatoki mpaka basi liwapeleke bungeni kupiga kura. Kambi ile ilikuwa chini ya Mnadhimu, yule bwana wa chama ambaye kazi yake ni kuhakikisha tunasimama tukiambiwa simama na tunakaa tukiambiwa kaa. Jumatatu akaniita pembeni, jasho linamtoka.

"Mama Mikate, wewe ni mtu wetu wa uhakika. Naomba uwe matroni."

"Matroni wa nini?"

"Wa hotelini. Uwaangalie hawa wenye mashaka. Wasitoroke, wasipigiwe simu, wasije wakapotoshwa."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Akadhani nimefurahia cheo, akacheka na yeye.

Basi nikawa matroni. Nikapewa tenga la kufulia nguo limejaa simu za waheshimiwa, zinalia humo ndani kutwa nzima. Nikawa napita koridoni na toroli la chai, zulia limelowa supu ya jana, sahani chafu zimepangwa nje ya milango, Mnadhimu mwenyewe ameweka kiti mbele ya lifti, ameketi hapo amekunja mikono. Chumba cha mwisho alikaa mama mmoja mbunge aliyekuwa nesi miaka mingi kabla ya siasa, na sote tulimwita Nesi hivyo hivyo. Nilimkuta ametandika kitanda chake vizuri kama cha wodini, amekaa pembeni yake, viatu miguuni, utadhani yuko zamu.

"Wewe dada una raha," akaniambia nilipompa kikombe. "Hakuna anayekusumbua."

"Hiyo ndiyo raha?"

"Mimi wamenijia usiku na mchana. Huyu ananiahidi, yule ananitisha. Kichwa kinaniuma." Akapuliza chai, asinywe. "Unajua nimesimama mara ngapi mle ndani kuomba wodi ya wazazi kule kwangu? Nikisimama tu, Mnadhimu ananivuta gauni kwa nyuma. Kaa chini mama, si wakati wake. Nikakaa. Safari nyingine, kaa chini mama. Nikakaa. Nimekuwa fundi wa kukaa."

"Na Jumatano?"

"Nitakaa, dada. Naogopa. Usinicheke."

Sikumcheka. Nilimwongeza sukari nikatoka, na moyo umenijaa. Nilikuwa nimeshaona vyumba vyote vya korido ile, na karibu kila chumba kilikuwa na mtu mzima anayeogopa mdogo wangu. Mtoto niliyemfundisha kupenga kamasi!

Jumanne alasiri nikaenda ofisini kwake. Mlinzi hafungwi na wafungwa, Mnadhimu akaniruhusu bila swali. Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya meza, simu sikioni, nyingine inamulika mezani. Aliponiona akatabasamu lile tabasamu la utotoni, nikasema moyoni, hapa hapa, leo ataelewa.

"Kitinda, nimekuja kwa ajili ya ule muswada."

"Dada, kaa kwanza. Dakika moja." Akamaliza simu. "Ehe. Umekonda wewe. Hotelini hawakupi chakula?"

"Uondoe muswada. Uuondoe leo, waambie uchaguzi upo pale pale, na hoja yao itakufa yenyewe. Nusu ya wale wanaokupinga..."

"Dada, dada, kabla sijasahau!" Akapiga kofi mezani. "Kesho baada ya kura nina wageni hapa. Mabalozi, wafanyabiashara, watu wengi. Nataka ile mikate yako ya kusuka, yenye maziwa. Si ya dukani. Yako wewe, ya mikono yako. Nimeshawasifia."

"Kitinda, nasema nawe kuhusu uchaguzi."

"Nakusikia." Alikuwa anaangalia simu. "Ya kutosha wote, lakini. Nitatuma gari." Akazunguka meza, akanishika bega, akaanza kunisindikiza mlangoni taratibu, kama wanavyofundishwa wakubwa kuwatoa watu bila wenyewe kugundua. Mlangoni akaniambia neno ambalo nadhani alilitoa kama zawadi. "Unajua, dada, katika nchi hii nzima wewe ndiye mtu pekee ambaye sina haja ya kumwomba."

Niliumia. Sitaki kuzunguka, niliumia sana. Nikashuka ngazi za jengo lile nimeshika reli kwa mikono miwili, walinzi wananipigia saluti, mimi siwaoni.

Alfajiri ya Jumatano nikakanda unga mwenyewe. Vijana wangu wa kiwandani wakakaa mbali, wanajua nikinyamaza hivyo heri nisisogelewe. Mama yetu, ambaye anakaa na mimi vyumba vya juu ya tanuri, akashuka na fimbo yake, akavuta stuli, akanitazama.

"Huo unga umekukosea nini?"

"Haujanikosea, Mama."

"Basi acha kuupiga. Ni ya nani mikate yote hiyo?"

"Ya Kitinda. Ya sherehe."

"Na wewe utakuwepo kwenye sherehe?"

Nikaacha kukanda. Mikono ilikuwa imefunikwa unga mpaka viwikoni, machozi yakanitoka na sina cha kufutia. "Mama, nikikwambia nataka kufanya nini leo, utanichukia?"

"Usiniambie," Mama akasema. "Nimewazaa wote wawili na uchungu ulikuwa ule ule. Usinifanye nichague. Nitawasha televisheni, nitaona kama watu wengine." Akainuka, akafika mlangoni akageuka. "Lakini kula kwanza. Usiende huko na njaa, utatetemeka watu wadhani ni woga."

Nikala. Nikasuka mikate, nikaitia tanurini, nikaoga, nikaenda bungeni.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi za wageni. Basi la hotelini lilileta watu wake, wakaingia kwa mstari, Mnadhimu mbele, Nesi wa mwisho. Akaketi mkono wangu wa kulia, Mnadhimu nyuma yake. Mimi kiti changu kiko nyuma tu ya cha Waziri Mkuu. Nilipewa hapo kwa heshima ya udugu, na miaka mitatu nimetazama kisogo cha Kitinda mpaka nakijua kila unywele.

Mpole akatoa hoja kwa tabasamu. Kitinda akajibu. Alisema vizuri, mimi simnyimi haki yake, sauti inapanda na kushuka mpaka wageni wakasahau kujipepea. Akamaliza kwa maneno yale yale, hatolewi mtu katikati ya safari, akaketi huku upande wetu unapiga meza. Kama kawaida yake hakuzima kipaza sauti. Kuna msaidizi wake ambaye kila siku huinama akambonyezea kile kitufe, lakini siku ile msaidizi naye alikuwa anapiga meza.

"Wanaounga mkono hoja wasimame," Spika akasema.

Upinzani wote ukasimama. Mpole na kundi lake wakasimama. Katibu wa Bunge akaanza kupita safu kwa safu na penseli yake. Nyuma yetu nikamsikia Mnadhimu anahesabu kwa kunong'ona, halafu nikamsikia anashusha pumzi ndefu. Akainama katikati ya viti akamwambia Kitinda, mimi nasikia kila neno: "Wamepungukiwa wawili, Mheshimiwa. Yamekwisha."

Kwa hiyo nilizijua hesabu zile, na nawaomba hapa mnielewe. Nilijua kwamba nikisimama peke yangu, kura zinalingana, na kura zikilingana hoja inakufa. Nitakuwa nimemvunjia mdogo wangu heshima bure, nimejifukuzisha chama bure, na kesho muswada unapita vilevile. Mtu mwenye akili angekaa. Lakini nikaliona lile bega la Kitinda linalegea kwa raha, nikakumbuka "sina haja ya kumwomba," na damu ikanipanda kichwani. Nikasema potelea mbali. Kama uchaguzi unazikwa, mimi sitakuwa mmoja wa walioketi makaburini wakipiga meza.

Nikasimama.

Katibu akasimamisha penseli. Kitinda akahisi, akageuka, akaniona. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Akakunja uso kidogo tu, kama mtu aliyeona kiti kimewekwa pasipo mahali pake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya nyumbani:

"Dada, kaa chini."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yale yakatoka kwenye spika zote za dari. Yakatoka kwenye televisheni ya Mama juu ya tanuri, na redioni kwenye maduka, na kwa vinyozi, na kwenye foleni za hospitali. Nchi nzima ikaambiwa, dada, kaa chini.



"Sikai," nikasema. Nilikuwa nyuma yake karibu kumgusa, kipaza sauti chake kikanidaka na mimi. "Sikai, Kitinda. Nimesimama mbele ya tanuri tangu hujui kufunga vifungo. Kukaa nitakaa nikichoka mwenyewe."

"Utaratibu!" Spika akagonga rungu. "Utaratibu, waheshimiwa!"

Na hapo ndipo niliposikia kiti kikilia mkono wangu wa kulia. Nesi alikuwa anainuka. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Mnadhimu akamdaka gauni kwa nyuma. Nesi akafumbua macho, akapeleka mkono, akavibandua vidole vya Mnadhimu kimoja kimoja, taratibu, kama anayembandua mgonjwa plasta.

"Na mimi sikai," akasema. "Leo nimechoka kukaa."

Katibu akaandika.

Yaliyofuata mliyaona wenyewe. Spika akasoma matokeo, hoja imepita, kelele zikaezua paa, Kitinda akakusanya karatasi zake akatoka bila kutazama nyuma. Mnadhimu akanifuata koridoni, uso umemvimba.

"Umefukuzwa chama! Unasikia? Kuanzia sasa hivi!"

"Nimesikia," nikamjibu. "Na simu zako zipo kwenye tenga la nguo chafu, nenda kazigawe."

Mpole naye akaja, tabasamu mpaka masikioni, mikono yote miwili imenyooshwa. "Mama Mikate! Taifa halitakusahau. Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru, sikukusimamia wewe." Akabaki na mikono hewani. "Uchaguzi ni mwakani, umesikia? Kiti hicho umeazimwa tu, usije ukanyoosha miguu. Ukiugusa huo uchaguzi hata kwa kidole, utaniona nimesimama tena."

Aliendelea kutabasamu, lakini kidogo kidogo.

Nilifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Mikate ya kusuka ilikuwa imepangwa kwenye trei, imepoa, hakuna gari lililokuja kuichukua. Mama alikuwa juu, televisheni imezimwa. Alinisogezea kiti, nikakaa, kwa hiari yangu sasa, nikavua viatu, miguu inawaka moto. Nikaanza kulia. Mama akaniacha nilie.

Hatujawasha hata taa, tukasikia mlango wa nyuma wa tanuri, ule wa kuingizia magunia. Watu wa nje hawaujui. Nikashuka. Kitinda alikuwa amesimama katikati ya magunia, peke yake, hana dereva wala mlinzi, tai ameitia mfukoni, imening'inia nje. Tukatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa na yangu tayari.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikwambia. Ulikuwa unaongea na simu."

Akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona akiufunga mdomo kabla ya kusema. Akaketi juu ya gunia la unga, suti yake nyeusi ya gharama yote ile, nikajua akiinuka atakuwa mweupe nyuma, na nusura nicheke katikati ya hasira zangu.

"Umenidhalilisha mbele ya nchi nzima, dada."

"Wewe ndiye uliyenikalisha mbele ya nchi nzima. Mimi nilikataa tu."

"Ningeshinda," akasema. "Hata huo uchaguzi ningeshinda. Watu wananipenda."

"Basi si ungewauliza? Uliogopa nini?"

Juu, fimbo ya Mama ikagonga sakafu. Alikuwa anasikiliza kila kitu, na hakushuka. Nikavuta trei, nikatoa mkate mmoja wa kusuka, nikauweka juu ya meza ya kukandia, nikatafuta kisu.

"Mwakani ni uchaguzi," nikamwambia. "Ukiutaka ule wadhifa, nenda kagombee. Piga hodi nyumba kwa nyumba kama mwanzo. Omba kura."

Kitinda akautazama mkate muda mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu, sikujua yamekuwa hivyo tangu saa ngapi.

"Dada," akasema, na sauti yake ya bungeni haikuwemo kabisa, ilikuwa ya yule mtoto wa juu ya gunia. "Nikigombea, utanipigia kura?"

Maisha yake yote, na yangu yote, hakuwahi kuniuliza. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumzaba kibao. Nikamkatia kipande kikubwa cha mwanzo, kile chenye ganda, anachokipenda.

"Nitafikiria," nikamwambia. "Kula."